Aprili ndio mwezi wa kikapu Kentucky

Hapa Lexington mwaka wa kikapu hauanzi Novemba mechi zikianza. Unaanza mwishoni mwa Machi siku timu ya chuo inatolewa kwenye mashindano ya taifa, maana usiku huohuo watu wananuna, asubuhi wameshasahau wanaulizana nani anaondoka, nani anaingia drafti ya NBA (pale timu za kulipwa zinapochagua vijana), nani kajiandikisha kwenye potali ya uhamisho, yani orodha ya wanaotaka kuhama chuo, kocha kaonekana uwanja gani wa ndege. Mimi nipo mji huu toka familia yetu ilipohamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na kwa kweli karibu kila ninachokijua kuhusu hii timu nimekijua kwenye hiyo miezi isiyo na mechi, Aprili mpaka Agosti, kwa kusikiliza watu wakibishana.

Na wanaobishana ni wengi. Kentucky hakuna timu ya NBA, kwa hiyo UK, yani University of Kentucky, ndio kila kitu, makombe 8 ya taifa, la mwisho 2012, na uwanja wao Rupp Arena unaingiza watu zaidi ya elfu 20 na hata theluji ianguke vipi watu wanaenda. Halafu Lexington hiihii Kiswahili kinasemwa balaa, mashuleni kiko juu kabisa baada ya Kiingereza na Kihispania, sababu ya Wakongo tulioletwa huku. Ingia saluni ya kunyoa ya Wakongo Jumamosi mchana utakuta Mbembe, Mfulero, Mrundi mmoja na Mtanzania aliyekuja kusoma akabaki, wote wamepandisha sauti kuhusu kijana wa New Jersey kama anabaki au anaondoka. Ukifumba macho utadhani ni dirisha la usajili la Simba na Yanga, tofauti tu ni kwamba kule mchezaji anasaini miaka miwili mitatu, huku kila mwaka mtu ni mchezaji huru.

Aliyetuingiza kwenye huu ugonjwa ni Oscar Tshiebwe. Mtoto wa Lubumbashi, jitu la miraba minne, Kiswahili anaongea, alihamia UK mwanzoni mwa 2021 akitokea West Virginia, na msimu wake wa kwanza kucheza, 2021/22, alikuwa anaokota ribaundi, yani mipira iliyokosa ringi, 15 kwa mechi, wastani huo, sio siku moja. Desemba 2021 dhidi ya Western Kentucky akaokota 28, rekodi ya Rupp. Mwisho wa msimu akawa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Baba yangu mdogo ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa soka na TP Mazembe, kikapu kwake ilikuwa kelele za viatu, huyo baba mdogo alianza kuniamsha na simu: "We, Oscar jana kachukua ngapi?" Hakuuliza timu imeshinda au imefungwa.

Halafu Machi 2022 ikaja Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey kilichopangwa namba 15 kati ya 16 kwenye kundi, yani karibu ya mwisho, wakatutoa 85-79 dakika za nyongeza, Oscar ana pointi 30 na ribaundi 16 na bado tunarudi nyumbani. Siku ya pili saluni imejaa, kinyozi ananyoa lakini macho yapo kwenye tivii, kila anayekaa kwenye kiti anatoa hukumu: Oscar anaenda NBA, lazima aende, mchezaji bora wa nchi atabaki kufanya nini. Akabaki. Tangu Tyler Hansbrough wa North Carolina 2008 hakuna mchezaji bora wa mwaka aliyerudi chuo, Oscar akarudi.

Pale nilijifunza kitu ambacho wachambuzi wa tivii walichukua muda kukielewa lakini pale saluni kila mtu alikielewa palepale, nacho ni makaratasi. Toka Julai 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kupata hela kwa jina na sura zao, matangazo, jezi, saini, watoto wa hapa wakaanza kupewa magari. Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1, na hiyo viza haikuruhusu kufanya kazi za namna hiyo ukiwa ndani ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima na tangazo la duka la magari la mtaani hawezi kufanya! Agosti 2022 timu ikaenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, na kule nje ya ardhi ya Marekani ndio Oscar akafanya matangazo yake na kulipwa. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Yani mtoto avuke bahari ndio alipwe kwa jina alilopewa na baba yake." Mle ndani hakuna asiyejua maana ya kusubiri karatasi, kuna mzee pale aliwahi kukaa bila kufanya kazi miezi sababu kadi yake iliandikwa jina vibaya, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Toka siku hiyo nikisikia tetesi kwamba tunamfuata mchezaji fulani wa kutoka nje, swali langu la kwanza sio ana urefu gani, ni yupo kwa viza gani na nani anajua kuisoma.

Msimu wake wa pili Oscar alipiga kazi ileile, lakini Kansas State wakatutoa raundi ya pili Machi 2023, drafti ikapita jina lake halikuitwa, akaenda ligi ndogo ya NBA, G League, na huko msimu wa 2023/24 akawa mchezaji bora kati ya wanaoanza. Mzee mmoja pale saluni alisema kubaki kwa mtu mmoja sio kubaki kwa timu. Sikumjibu, lakini nimelikumbuka hilo neno kila Aprili.

Sasa nije kwa mzee wa stoo, maana huyu ndiye mwalimu wangu hasa. Nafanya kazi usiku kwenye ghala moja hapa mjini, kupanga mizigo, na pale kuna mzee mwenyeji wa milima ya mashariki ya Kentucky, anaendesha foklifti, mtu wa maneno machache, ameanza kushabikia UK kabla mimi sijazaliwa. Kila Aprili anachana kipande cha boksi, anachora mistari kwa rula, mistari 13 kwa sababu skolashipu, nafasi za kusomeshwa bure na timu, zilikuwa 13, anakibandika kwenye mlango wa friji la chumba cha mapumziko, na penseli inaning'inia na uzi. Kila mstari una sehemu tatu. Jina, mwaka wa ngapi chuoni, na ya mwisho ni neno moja au mawili: anapeleka mpira, anakaba, anatupa tatu (mitupo ya mbali ya pointi 3), au palipo na jeraha, bega, goti. Pointi haandiki. Nilimuuliza kwa nini haandiki pointi na jamaa wote wanaongelea pointi, akanijibu pointi alizofunga mtu kwenye timu mbovu mimi zitanisaidia nini kijana, akaendelea kula sandwichi yake.

Aprili 2024 lile boksi lilikuwa jeupe. Nitaeleza ilikuwaje.

Machi 21, 2024 tulicheza na Oakland, hao sio wa California, ni chuo cha Michigan, namba 14. Sisi tuna watoto wa mwaka wa kwanza wenye vipaji vya kutisha, Reed Sheppard na Rob Dillingham, Juni yake mmoja alichaguliwa wa 3 na mwingine wa 8 kwenye drafti. Wao wana jamaa anaitwa Jack Gohlke, mtu mzima, alikuwa anacheza daraja la pili kwenye chuo kinaitwa Hillsdale akahamia Oakland kumalizia mwaka wake wa mwisho. Huyo Gohlke usiku ule alitupa tatu 20, zikaingia 10, pointi 32, tukafungwa 80-76. Mimi nilikuwa zamu, tunachungulia kwenye simu, na mzee wa stoo hakukasirika hata kidogo, alisema tu huyo ndio usajili bora wa mwaka na hakuna mtu aliyeandika habari zake. Ni kweli. Kiangazi cha nyuma yake watu nchi nzima walikuwa wanahesabu nyota za madogo wa sekondari, huku jamaa wa daraja la pili mwenye kazi moja tu, kutupa, anahama kimyakimya.

Baada ya hapo kocha John Calipari, miaka 15 hapa, yeye ndiye aliyeleta kombe la 2012, akaondoka kwenda Arkansas. Sio mbali, ligi moja, SEC. Mji ulichanganyikiwa. Wengine walishangilia maana walikuwa wamechoka kutolewa na vyuo vidogo, wengine walilia, halafu ikaanza ile wiki ya tetesi, Scott Drew wa Baylor anakuja, hapana amekataa, Dan Hurley wa Connecticut anakuja, hapana, na mwisho tukatangaziwa Mark Pope wa BYU, chuo cha kule Utah. Pope! Nahodha wa kikosi cha ubingwa wa 1996 sawa, tunampenda, lakini kama kocha mkuu alikuwa hajashinda hata mechi moja ya mashindano ya taifa. Saluni ile siku ni matusi matupu, Mrundi wetu akasema wameajiri kumbukumbu.

Jumapili Aprili 14 wakamtambulisha Rupp, kuingia bure. Nilienda na baba mdogo tukidhani tutakuta watu wachache wazee wenye jezi za zamani. Uwanja ulijaa mpaka juu. Kumtambulisha kocha, hakuna mechi, hakuna mchezaji hata wa kusema huyu hapa, na watu elfu 20 wamekaa. Pope akaingia na wachezaji wenzake wa zamani na kombe la 1996, mama mmoja mzungu pembeni yangu, mtu mzima, analia mpaka miwani inapata ukungu, anamshika baba mdogo mkono, hawajuani, baba mdogo Kiingereza chake cha kuokoteza anamwambia "it's okay mama, it's okay." Mimi niliangalia ile hali nikajiambia hawa watu hawakuja kumuona Pope. Wachezaji walikuwa wanaondoka wote na wao wamekuja kuhakikisha kwamba timu bado ipo.

Maana waliondoka wote, sisemi kwa kukuza. DJ Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivisic walimfuata Calipari Arkansas, Aaron Bradshaw akaenda Ohio State, Ugonna Onyenso akaenda Kansas State, Sheppard na Dillingham drafti, wakubwa wakamaliza muda wao. Kati ya wenye skolashipu waliocheza msimu ule hakurudi hata mmoja. Mwezi huohuo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaondoa kikomo cha kuhama, yani mtu anaweza kuhama kila mwaka na kucheza moja kwa moja mradi masomo yake yako sawa. Kila mtu akawa sokoni, na sisi hatuna hata mchezaji wa kumuuza wazo la timu.

Boksi la mzee lilikaa na mistari 13 mitupu siku kadhaa, watu wanapita na kahawa wanaliangalia wanatikisa kichwa. Halafu likaanza kujaa, na nilikuwa nalisoma kila usiku kabla ya kuvaa glavu. Travis Perry, kijana wa Lyon County hapahapa jimboni, mfungaji bora wa historia ya shule za sekondari Kentucky, alikuwa ameahidi toka enzi za Calipari na akashikilia ahadi yake. Otega Oweh kutoka Oklahoma, mwaka wa 3, "anakaba". Amari Williams kutoka Drexel, Mwingereza wa Nottingham, mwaka wa 5, "anapasia". Koby Brea wa Dayton, msimu uliopita mtupaji tatu bora nchi nzima, karibu nusu zinaingia, mwaka wa 5, "anatupa". Lamont Butler wa San Diego State, yule aliyefunga mpira wa sekunde ya mwisho nusu fainali ya 2023, mwaka wa 5, "anakaba, bega". Andrew Carr, mwaka wa 5. Jaxson Robinson akaja mwishomwisho akitokea BYU kwa kocha wake, mwaka wa 5. Kulikuwa na Collin Chandler pia, huyo alikuwa anatoka misheni ya kanisa lake, alipita mpaka Sierra Leone, miaka miwili hajacheza mechi ya maana, mzee akaandika tu "subira".

Nikamuuliza mbona umri wa chuo miaka minne na hapa kuna watano wa mwaka wa 5. Ndio akanieleza habari ya korona, kwamba waliocheza msimu wa 2020/21 waliongezewa mwaka mmoja, kwa hiyo soko la 2024 lilikuwa na watu wazima wengi ambao hawatakuwepo tena. Pope hana jina kwa watoto wa sekondari, muda hana, akaenda kwa wazee. Mzee akaniambia tutashinda mechi kubwa na tutaumia. Alisema vyote viwili kwa pamoja, kama mtu anasoma hali ya hewa.

Na ndivyo. Novemba 12, 2024 Atlanta, wageni kwa wageni walioonana kiangazi kile, wakawafunga Duke ya kinda nyota Cooper Flagg 77-72. Duke walikuwa na Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, jamaa zetu Waganda siku hiyo walikuwa wamegawanyika kabisa wasijue washangilie nini. Oweh akampokonya mpira Flagg mwishoni, jamaa ambaye kwenye boksi ameandikiwa neno moja tu. Williams mrefu vile anapandisha mpira mwenyewe na kupasia, watu saluni wanauliza huyu ni senta au ni nani. Desemba tukawafunga Gonzaga Seattle baada ya kuwa nyuma sana, 90-89, Januari tukawafunga Florida 106-100, hao Florida ndio walikuja kuwa mabingwa Aprili.

Lakini majeruhi sasa. Kerr Kriisa, naye wa usajili uleule, mguu, kwenye mechi hiyohiyo ya Gonzaga, msimu ukaisha. Butler bega, anatoka anarudi. Carr mgongo. Robinson kifundo cha mkono, Machi ikawa basi. Februari 1, 2025 Calipari akarudi Rupp na Arkansas yake, watu wakamzomea mpaka nikaona aibu kidogo, na akatufunga 89-79, na waliotufunga ni haohao tuliowafundisha sisi, Thiero na Wagner na Ivisic. Tennessee tuliwafunga mara mbili kwenye ligi, tukakutana nao mara ya tatu Machi 28 Indianapolis hatua ya timu 16, wakatupiga 78-65, timu imechoka, wenye afya wanahesabika. Ukiangalia boksi lilikuwa limeshasema toka Mei kwamba kuna bega mle. Mashabiki wengi walimlaumu kocha kwa mipango, mimi baada ya kukaa na yule mzee nilikuwa nasoma tu sehemu ya tatu ya kila mstari.

Ndugu zangu mnaofuatilia usajili wa timu yoyote, niwaambie navyoangalia mimi sasa, na sio lazima mkubali. Naangalia nani anapeleka mpira na akiumia nani wa pili. Naangalia umri, maana mtoto mwenye kipaji Februari anachoka kichwa kabla ya miguu, mtu wa miaka 23 ameshafungwa kila aina ya kufungwa. Na naangalia nani alikuwepo mwaka jana, hata kama ni wa benchi, kwa sababu kuna mambo ya kambini hayafundishiki Agosti, kama Oweh ambaye sasa anajua kocha akinyamaza ana maana gani. Video za kwenye simu za mtu anadanki siku hizi hata sifungui.

Haya nayaandika Julai 2025 na boksi jipya liko ukutani, safari hii lina mistari 15. Kanuni zimebadilika, kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA iliyoitwa House iliidhinishwa na hakimu Juni 6 na kuanzia Julai 1 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025/26 kwa michezo yote ya chuo, na kikapu kinaruhusiwa watu 15. Hela hizo mpira wao wa Marekani utakula sehemu kubwa, kila mtu anajua. Watu wanalalamika kwamba hela imeharibu mchezo. Mimi hapo huwa sikubaliani na wenzangu, hasa hawa wazee wenyeji wanaosema zamani walicheza kwa mapenzi. Zamani hela ilikuwepo pia, uwanja umejaa, tivii inalipa, kocha analipwa mamilioni, asiyelipwa ni yule anayeokota ribaundi 28. Kama Oscar angekuja leo bado hiyo viza ingemsumbua, hapo ndio penye kidonda mpaka sasa, watoto wa kutoka nje wanakuja kwa wingi na mawakili wao hawalali.

Oweh kabaki. Alijaribu drafti, akasubiri mpaka siku za mwisho za kujitoa, Mei ikiisha, saluni hakuna anayenyoa vizuri siku hizo, kinyozi kanikata mstari umepinda mpaka leo naona kwenye picha, halafu habari ikatoka anarudi na watu wakakumbatiana. Pointi zaidi ya 16 kwa mechi mwaka jana na aliwaua Oklahoma, timu yake ya zamani, mara mbili sekunde za mwisho. Chandler yupo, Trent Noah wa Harlan yupo, Brandon Garrison yupo. Perry yeye kaenda Ole Miss, iliniuma, lakini dogo anataka kucheza. Walioingia ni Denzel Aberdeen kutoka kwa mabingwa Florida, Mouhamed Dioubate wa Alabama, Kam Williams wa Tulane, Andrija Jelavic Mkroatia. Wa sekondari yupo Jasper Johnson, na Malachi Moreno wa Georgetown hapo jirani, mrefu karibu futi 7, Machi alichukua ubingwa wa jimbo na shule yake ndani ya Rupp, huyo mama zetu wa Kikongo wameshamwita mtoto wa nyumbani.

Mawili ndio yanabishaniwa. La kwanza Jayden Quaintance. Alikuwa amesaini kuja hapa 2024, Calipari alivyoondoka akaenda Arizona State, akacheza akiwa na miaka 17, mdogo mno hata drafti isingempokea mwaka huu, akakata kano ya goti, na sasa kaja kwetu. Kipaji kikubwa kuliko wote kwenye kikosi na mzee kamuandikia "goti" tu, herufi kubwa. Saluni wanasema Desemba atakuwa tayari, mwingine anasema Januari, mwingine ana shemeji nesi anasema mwaka. La pili ni Jaland Lowe wa Pitt, chuo cha Pittsburgh, ndiye atakayepeleka mpira. Mwepesi, anapasia, anaingia ndani anavyotaka, tatu zake mwaka jana hazikuwa nzuri. Wengi wanabishana kuhusu tatu zake.

Mimi na mzee hatubishani kuhusu tatu. Tunabishana atacheza mechi ngapi na nyuma yake yupo nani, maana Aberdeen anaweza kupeleka mpira lakini sio kazi yake ya kuzaliwa na Johnson ni mtoto. Mzee anasema kikosi ni kirefu safari hii, 15, hatutaumia kama mwaka jana. Mimi nasema urefu wa mbele upo, kwa anayepeleka mpira nyuma yake ni upepo. Tumewekeana dau, Lowe akimaliza mechi zote za SEC bila kukosa namletea mbuzi wa kuchoma na ugali, na baba mdogo ndiye atakayechoma, asipomaliza mzee anakuja saluni kunyolewa ndevu zake zote mbele ya watu. Amekubali, tukapeana mkono, akachukua penseli akaandika kwenye kona ya chini ya boksi: mbuzi / ndevu. Kinyozi nimeshamwambia, anasema wembe mpya anao.